Kabla ya Kupasuka

Jiwe lilitoka Ntyuka, shimoni kwa Mama Malogo,
ambaye alicheka hadi akashika kiuno:
"Ndoo nzima elfu mbili,
nyie mnataka jiwe moja, tena mnalipima kwa rula?"

Tulilichonga likawa nene kama kidole gumba,
tukalivika koti jembamba la aluminiamu,
tukaliweka kati ya taya mbili za chuma
na taya zikaanza kufunga,
polepole kuliko kucha inavyoota.

Umeme una tabia zake hapa Dodoma,
basi kazi yetu ni ya usiku,
upepo wa Agosti ukimwaga vumbi dirishani
nami nikihesabu: megapaskali hamsini. Mia. Mia mbili.
Kila hatua eksirei inapita,
haibishi hodi, haiachi alama ya kiatu,
inatokea upande wa pili na habari za ndani.

Na ndani, jamani, ni kaya nzima.
Kwatzi kasimama, shingo ngumu, hataki kusikia.
Felspa anasogea kidogo, kwa haya.
Ulanga, yule mweusi, yule laini,
anajikunja kurasa kwa kurasa
kama barua iliyosomwa mara nyingi,
mzigo wa wenzake wote umemlalia.
Kwa macho, jiwe ni lilelile.
Ungeliuliza lingesema halijambo.

"Mbukwa!" Asubuhi. Mama Malogo mlangoni, anadai salio lake.
Nikamwonyesha picha, kijivu juu ya kijivu.
Alinyamaza. Akafungua kipande cha mpira
alichozungushia kidole kilichowahi kuonja nyundo,
akagusa kioo:
"Hapa."

Umejuaje?

"Jiwe hukohoa kabla. Unaliacha lipumzike,
halafu unagonga palepale lilipokohoa.
Asiyesikia, nyundo humrudia usoni."

Tukaongeza hamsini nyingine mbele yake.
Ufa ulipita kando ya kidole,
upana wa kucha moja.
Daftarini niliandika namba, saa, joto la chumba.
Kikohozi
sikujua nikiandike safu ipi.

Yeye alikuwa bado amesimama, anakung'uta vumbi la kanga.
"Mkishamaliza kutazama," alisema,
"vipande nirudishieni.
Hiyo ni kokoto."