Upande wa Kushoto

Machi, mwaka themanini na tisa, mjini Iganga.
Niliuza betri kwa Bazibu, nikachomelea nyaya,
nikasafisha vichwa vya kaseti kwa pamba na spiriti,
na walioniletea redio walichungulia nyuma yangu
wakimtafuta fundi.

Sserunkuuma alikuja na kinasa sauti ndani ya gunia la sukari,
maikrofoni mbili, kanda tatu, moja imeshatumika.
Mwanafunzi wa muziki, Makerere. Viatu vyake havijui tope.
Akatuambia: ng'ambo siku hizi wapo watunzi
wanaochukua noti tano, basi,
wanazizungusha, wanazizungusha,
hata msikilizaji asahau aliingia saa ngapi.

"Tano?" akauliza kaka yangu Tenywa.
"Sisi nasi tunazo tano.
Waambie zikiwapungukia wasije kuazima."

Shimo lilikuwa limechimbwa tangu juzi,
migomba miwili imelazwa kingoni,
juu yake vibao vya embaire, kirefu chao kunishinda mimi.
Watatu huku, watatu kule,
uso kwa uso kama watu wanaodaiana.
Huyu hupiga. Yule hupiga pale huyu alipoinua.
Hakuna anayeupiga wimbo.
Wimbo hupanda wenyewe kutoka shimoni,
na ukimuuliza mpigaji nani kauleta
atakuonyesha aliye mbele yake.

Maikrofoni ya kushoto nilimwekea Tenywa.
Ya kulia nayo niliiweka sawasawa, naapa,
ila panya alikuwa ameushughulikia waya kabla yetu.
Tukaja kujua usiku, dukani, mlango umefungwa:
kushoto, Tenywa na wenzake wawili,
kavu, kama mahindi yakipukuchuliwa;
kulia, mvumo mtupu;
na wale wengine mbali sana, majirani nyuma ya ukuta.
Wimbo haumo.

Sserunkuuma alishika kichwa.
Tenywa akacheka hadi akakohoa.
"Umenasa swali," akaniambia. "Jibu limebaki shimoni."

Kikohozi kile hakikuondoka.
Ugonjwa ule tuliuita kwa wembamba wake,
maana jina lake lenyewe lilikuwa la hospitali.
Tukamzika mwaka wa tisini na moja, msimu wa mtama.
Wenzake wa upande ule, wawili walikwisha tangulia,
na wa tatu alihamia Jinja kubeba magunia.

Nikanunua betri sita kwa ujira wa juma zima.
Vibao niliviona vimeegemezwa kwa shemeji, kuku wamelala juu yake.
Nikavifuta. Nikachimba. Nikakata migomba yangu mwenyewe.
Sikumwomba mtu ruhusa,
ingawa tangu lini mwanamke akakalia ukingo ule?
Spika nikaiweka pale alipokuwa akikaa,
nami nikakaa ng'ambo ya shimo.

Nikabonyeza. Pumzi ya ukanda, kisha Tenywa.
Nikakosa. Nikarudisha.
Nikamgonga juu ya pigo lake, tak, kama watu wawili mlangoni.
Nikarudisha. Nikakosa.
Mara ya saba, au ya kumi na saba,
mkono uliacha kufikiri
ukaangukia kwenye nafasi aliyoiacha,
ndogo, pana kiasi cha pigo moja,
imeningoja miaka miwili ndani ya plastiki.
Na wimbo ukapanda.
Sikuupiga mimi. Yeye je? Alikuwa ameshakufa.

Hapo betri zikaanza kuchoka.
Sauti yake ikashuka, ikawa nzito, ikawa ya mzee
ambaye hakupata kuwa.
Ningeweza kuzima. Dukani zilikuwapo nyingine.
Nikapunguza mwendo,
lake, langu, lake,
kama unavyomsindikiza mgonjwa hadi kizingitini
bila kumshika, asije akajua unamshika.

Kisha lake halikuja.
Langu lilikuwa limekwisha inuliwa.
Nikalizuia hewani, kigongo juu ya kibao,
mpaka bega likauma,
mpaka kuku mmoja akarudi, akatazama shimo,
akaanza kuparura udongo.