Kikombe cha Diwani

Miaka kumi na saba nilimmiminia kahawa
asiyoionja.
Feliksi Mabruki, wa saruji na mabati,
Mwanakwerekwe, nyuma ya soko.
"Dini yake haimruhusu," walinong'ona barazani,
"hata chai ya rangi."

Wakristo tuliwajua: wa Mkunazini, wa Minara Miwili.
Huyu wa watu kumi na wanne,
chumba cha kukodi juu ya fundi cherehani,
viti vya plastiki, kinanda cha betri,
na yeye mbele, shati jeupe, tai,
akiitwa rais.
"Rais wa nini?" aliuliza Machano.
"Wa tawi."
Tukacheka hadi dele likatikisika.

Jumapili duka kufuli,
lori la mabati lingoje lisingoje.
Fungu la kumi alilitoa kamili;
Machano alipiga hesabu kwa vidole:
mifuko kumi ya saruji, mmoja wa Mungu.
"Sisi mbili na nusu kwa mia,
na bado tunakwepa."

Aligombea udiwani mara tatu.
Ya kwanza walimwita mtu mzuri, lakini.
Hiyo lakini ilimla miaka kumi.
Ya tatu alipita kwa kura kumi na moja.
Nne kati yake nazijua, zilitoka nyumbani kwangu.

Taa za barabarani ziliwaka miezi miwili.
Shule aliyoahidi, bado ni kibao.
Ila mtaro aliuchimba,
na masika ya mwaka ule
maji yaliyozoea kulala vitandani mwetu
yalipita nje, hayakubisha hodi.
Saruji ilitoka dukani kwake.
Wapo waliohesabu mifuko.
Mimi nauza kahawa.

Siku moja nilimchemshia tangawizi tupu, na iliki.
Akanywa, akashukuru,
akaagiza na kahawa.
"Ya nini tena, Bwana Feliksi?"
"Kikombe ndicho kiti," alisema.
"Ukikaa barazani mikono mitupu,
watu wanasubiri uondoke."
Ikipoa, humsogezea Machano.

Tulimzika Jumanne.
Watu wa viti vya plastiki waliimba bila kinanda;
sisi tulisimama nyuma, kofia mkononi, kofia kichwani,
hatujui lipi ni sawa.

Alhamisi, kwa mazoea, nilimimina
vikombe sita kwa watu watano.
Cha sita kikapoa palepale.
Machano alikitazama,
akatia mkono mfukoni,
akaniuliza bei.