Chupa ya Tatu

Fundi wa gereji pale Kajaani alifuta mikono, akasema:
boksi la kompyuta limekufa, Bi Aune,
na jipya ni ghali kuliko gari lenyewe.
Nikamwomba anirudishie maiti wangu.
Miaka thelathini na mmoja nilihudumia mitambo ya simu;
mashine iliyokufa naijua kwa harufu.
Hili halikunuka.

Basi nikaitwaa meza ya jikoni.
Umeme niliutoa kwenye kompyuta kuukuu ya mjukuu wangu:
volti kumi na mbili, waya wa njano, waya mweusi,
na fyuzi katikati, maana sipendi kufundishwa na moto.
Mota ya cherehani ikapata kibarua uzeeni,
kuzungusha gurudumu la bati nililolichonga kwa tupa,
meno hamsini na nane
na pengo la mawili.
Boksi huhesabu meno, meno, meno,
na likifika pasipo na kitu
ndipo hujua lilipo.

Nozeli nne zikaning'inia juu ya chupa nne za jamu,
zikinyweshwa mafuta ya taa. Petroli hapana,
sijachoka kuishi.
Jirani yangu Eskelinen akachungulia, akauliza napika nini.
Uongo, nikamwambia.
Nikizungusha kifundo hiki, cha redio mbovu,
boksi linaamini injini imechemka, linabana mkono.
Nikikirudisha,
linaamini ni alfajiri ya Januari,
linamimina kama mlevi siku ya mshahara.
Siku tatu, tik, tik, tik,
chupa zote nne zikapanda sawasawa.
Boksi zima, gari halitaki kuwaka.

Usiku wa nne nikaketi kitandani ghafla.
Mjinga mimi!
Nimeliambia kuna baridi.
Sijalipeleka kwenye baridi.

Gauni la kulalia, koti, mabuti ya marehemu Taisto.
Nikabeba ubao wa kupigia pasi hadi barazani,
nikapanga juu yake kila kitu, nyaya zikiburura theluji,
nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
pumzi yangu ikiganda kwenye miwani.
Robo saa sikugusa kitu.
Mficha maradhi, nililiambia, kilio humuumbua.
Nikawasha.

Ya kwanza: tik.
Ya pili: tik.
Ya tatu

Ya nne: tik.

Nilicheka mpaka mbwa wa Eskelinen akabweka.

Chini ya kioo cha kukuzia nikauona:
ufa umezunguka mguu mmoja wa lehemu,
mwembamba kuliko unywele wa kitoto.
Jikoni unajifunga, nje unajifungua.
Tone moja la lehemu, sekunde mbili,
mwisho wa wiki tatu za kula nimesimama.

Gari sasa linawaka. Fundi anaiita bahati, na bili hajaifuta.
Meza sijaivunja. Nakula dirishani, sahani mapajani,
na jamu, kusema kweli, ina ladha ya taa.
Jana Eskelinen alibisha hodi,
boksi la gari lake limeviringishwa kwenye skafu
kama mtoto anayepelekwa zahanati.
Ajabu, akasema, ndani ya nyumba halina shida yoyote.

Nikamfungulia mlango wa barazani.