Bei ya Pumzi

Mara ya tatu wiki hii nimesimama dukani kwa Fakhrudin,
Barabara ya Digo, shati limenigandama mgongoni,
naye, bila kuniuliza, akateremsha sindano juu ya santuri.
Kabla udi haujalia, nilimsikia mpigaji akivuta pumzi.
Pumzi! Ya mtu aliyezikwa kabla sijazaliwa.
Na ukucha wake ukikwaruza uzi.

"Laki na ishirini, spika zote mbili na kikuza sauti.
Kwako wewe, laki na kumi."

Laki na kumi ni tangi la lita elfu tano,
na fundi, na jukwaa la kuliinua.
Mwanatumu ameshaliandika kwenye kalenda,
chini ya karo ya Ghalib, juu ya mabati ya jikoni.
Wiki mbili mfereji wetu hapa Guraya unakohoa upepo tu.
Kila alfajiri namsikia mwenye mkokoteni,
mitungi ikigongana,
na mke wangu akihesabu sarafu gizani:
sauti safi, haihitaji spika.

Najua. Muziki hauoshi vyombo.
Lakini niambieni, nyinyi mlioshiba maji,
kiu ya sikio hutekewa kisima gani?

Magharibi nimerudi na vitu viwili mfukoni:
sindano mpya, ya gramafoni ya babu iliyokufa mota,
na koki ya shaba,
ya tangi tusilokuwa nalo.
Mwanatumu kavipanga mezani, sako kwa bako,
akavitazama.
Kisha akacheka hadi akakaa chini.