Mizani ya Taavetti

Tumezisimamisha mezani, juu ya kitambaa cha plastiki,
kati ya sukari na kopo la samaki:
risasi nne, wima, kama wageni waliokataa kuketi.
Nje, Kuhmo yote imelala chini ya theluji.
Baba tulimzika Jumanne. Leo tunagawana.

Kaka yangu Urpo anaanza na ile ya mbili-mbili-mbili,
anaiinua kwa vidole viwili kama jino la mtoto.
Gramu tatu na ushee, anasema, na mbio za kuiacha sauti nyuma.
Mita mia na hamsini, metso katua kileleni mwa msonobari,
dume jeusi, kubwa kama bata mzinga,
linadonoa majani na kuota jua la saa nne,
nawe umelala kifudifudi, skii umezichomeka kando.
Hii haibishani na mtu. Inafika.
Ila usitie ncha laini, anaongeza. Ncha laini hupasukia ndani,
ukarudi nyumbani na manyoya.

Aune, binti yake, anashika ile ya kumi na saba,
nyembamba kama sindano ya magunia,
gramu moja na chembe, shingo imebanwa, ncha nyekundu.
Inakwenda kama umbeya, anajisifu.
Na kama umbeya, namjibu, upepo ukivuma kidogo
inaishia kwa jirani.
Anacheka. Sungura wa ukingo wa shamba, shangazi,
mita themanini, hana habari na upepo wako.

Ya tatu haina mjadala: sita na nusu, ya Kiswidi,
kongwe kuliko babu yetu,
ya hirvi, yule mnyama mwenye pembe kama makoleo.
Kando ya hawa wadogo inaonekana
kama mjomba aliyekuja harusini na koti la jeshi.
Tunaisogeza karibu na sukari.

Yangu ni ya nne. Ishirini na mbili,
kichwa cha risasi tupu kilichopakwa nta,
ukiishika inakuachia mafuta kidoleni.
Haina kishindo. Hulia kama mtu anayefunga kabati.
Miaka arobaini nimeipigia karatasi,
mita hamsini, katika banda la mbao la klabu,
soksi mbili mbili, koti gumu lisilokunjika,
na kumi yenyewe ndogo kuliko kifungo cha shati.
Polepole yake ndiyo shule:
ukitikisika kabla haijatoka mtutuni, itakusema
mbele ya watu.

Hiyo ni ya kutobolea karatasi, anasema Urpo.
Na yako ni ya kutobolea mfuko, nasema. Umeuliza bei?

Basi Aune akaleta daftari la baba, atuamue marehemu.
Sote tunaikumbuka mizani yake ya sonara,
jinsi alivyopima baruti punje kwa punje
na kutukataza kucheka: mtaipeperusha.
Safu zimenyooka. Tarehe. Umbali. Upepo. Uzito wa baruti.
Safu ya mwisho ameandika: Kosa.
Tunafunua, tunafunua.
Alipopata hakuandika kitu.
Ni makosa matupu, ya miaka hamsini na mmoja,
na kila kosa na sababu yake:
giza. Mbwa. Kikohozi. Haraka. Tawi sikuliona.
Mia na arobaini, upepo hakuna, metso; sababu: mimi.
Mimi. Mimi. Kidole. Mimi.
Hakuna ukurasa alioilaumu risasi.

Urpo akamimina kahawa, ikamwagika kwenye kisahani.
Aune akaitia ya kumi na saba mfukoni, kimya,
kisha akaitoa akairudisha mezani.

Mimi nimechukua mizani.
Sahani yake bado ina vumbi la kijivu, kidogo tu,
na kila Urpo anapofungua mlango kuleta kuni
sindano inacheza, inatafuta kati,
haijaipata.