Kilimia

Walipokuja kupanga chumba cha uani
walisema wao ni bendi. Nikauliza, ya harusi?
Wakatazamana. Yule mrefu akajibu: ya angani, mama.
Nikamwambia hata angani kodi ni ileile,
miezi mitatu mbele, na luku tutachanga.

Wakaingiza waya kama utumbo wa mbuzi wa Idi,
kinanda kisicho na meno matatu,
redio za mkulima, tano, zote zimepasuliwa vifua.
Ngoma sikuona. Hata gitaa.
Usiku wa kwanza nilidhani jokofu linakata roho.

Yule mrefu ni Shemndolwa, Msambaa wa Mtae.
Tarumbeta alilianza kanisani, miaka tisa,
akiipuliza Pasaka alfajiri juu ya jabali
mpaka nyika yote ya Mkomazi imrudishie.
"Nilipenda kinachorudi," aliniambia, "kuliko nilichopuliza."
Sasa hapulizi. Ana kisanduku cha kurudisha tu:
anakikoholea mara moja, kinamkoholea hadi asubuhi.

Mwanakombo sihitaji kuelezwa. Nilimjua mama yake,
alivyobeba akodiani kama mtoto mwenye homa
katika kile kikundi cha taarabu cha Barabara ya Tatu
kilichovunjika kwa ajili ya mume wa mtu.
Binti karithi vidole, maneno kayakataa.
Beti kumi na mbili za kumsuta jirani, anasema, zinachosha.
Yeye hushika sauti moja,
utapika wali uive, utapakua, utaosha sufuria, bado ipo,
na ukiitegea sikio ina mafumbo kuliko kanga.

Nyange, Mdigo, babu yake alipiga chapuo ya kupunga pepo.
Anasema pepo siku hizi wamehamia kwenye setilaiti.
Akacheka. Hakucheka sana.

Na Kihiyo hana muziki wowote. Kihiyo ni fundi redio.

Ikafika Alhamisi, nimetoka kwenda kuwagongea,
kitenge nimekifunga vibaya, tusi liko ulimini,
maana vikombe vyangu vilikuwa vinatetemeka kabatini.
Mkono haukufika mlangoni.

Ilikuwa korona.

Wameipunguza mwendo, wameivuta kama uzi wa katani,
lakini korona naijua: gurudumu lile la visu
lililokula jani la mkonge likatema singa,
likala na masikio ya Semkiwa wangu, miaka kumi na tisa,
hata akawa ananinong'oneza mapenzi kwa kelele,
Ngamiani nzima inasikia.
Nikakaa chini palepale, kwenye saruji.
Baadaye Kihiyo alinieleza: aliirekodi Muheza
siku kiwanda kinazimwa, kwa simu yenye kioo kilichopasuka.
Hakujua ya nini. Fundi hapendi kitu kizimike hivihivi.

Ndipo uniti zikaisha.
Giza puu, nyumba nzima. Korona ikakatika katikati ya jani.
Nikasikia kiganja cha Nyange ukutani,
du, kimya, du, kama mtu anayeuliza kama kuna watu ndani.

Wakatoka, wakanikuta chini. Hakuna aliyesema kitu.
Juu ya bati la jirani kilikuwepo Kilimia chenyewe,
nilihesabu sita; bibi yangu aliapa ni saba.
Kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua: yeye alilimia hicho.
"Na nyie mliojiita jina lake," nikauliza, "mnalima nini?"
Shemndolwa akafikiri.
"Bado tunafyeka, mama."

Nikanunua luku kwa simu, kwa pesa ya vitumbua.
Mwanakombo akamulika mita, mimi nikamsomea tarakimu,
ishirini, na kila moja ikalia: bipu, bipu, bipu,
taa ikawaka machoni mwetu sote.

"Ngoja!" Kihiyo anahangaika na simu yake.
"Mama, rudia, sikurekodi."

Luku hairudiwi, mwanangu.