Kalamu Isiyoandika

Nina kalamu isiyoandika.
Ukiigusisha almasi, hulia.
Ukiigusisha kioo, hunyamaza.
Niliilipia miezi minne kwa Mhindi wa Mombasa,
na hapa Langoni, kati ya muuza kanga na fundi simu,
watu huniletea pete kama waletao mtoto kwa daktari.

Jumatatu Bi Mwanamkuu aliweka kikasha juu ya mizani.
"Pete ya mchumba wa Lali. Kaiagiza kwa simu.
Nambia kweli, sonara. Usinionee haya."

Kalamu ikalia.
Akashusha pumzi, akavuta kiti, akaanza kumsifu mwanawe.
Ningekomea hapo.
Lakini kiunoni mwa jiwe, nilipotia lenzi,
palikuwa na maandishi membamba kuliko mguu wa sisimizi:
nambari, na neno la kukiri
kwamba limekuzwa maabara.
Hakuna aliyelificha. Mimi ndiye niliyelisoma kwa sauti.

"Basi iwe hili la uongo."
Si la uongo, Bi. Ni almasi.
"Kalamu yako imedanganywa."
Kalamu huliuliza jiwe: u nani?
Hailiulizi: umezaliwa wapi?
"Basi haina adabu. Hapa Amu hilo ndilo swali la kwanza."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Akaingia Khultum, mwalimu wa kemia,
chaki ingali kwenye mkono wa buibui.
"Kaboni ni kaboni," akasema.
"Ile imepikwa kwa joto na uzito,
hii imepikwa kwa joto na uzito.
Aliyebadilika ni mpishi."
"Na subira," akasema Bi Mwanamkuu.
"Jiwe halina subira, mama. Halijui kama linangoja."

Kisha, kwa sauti ya chini:
"Babu yangu alichimba Mwadui.
Kila jioni getini: fumbua kinywa, inua ulimi.
Alirudi Faza na kifua kibovu,
na bibi hakupata hata kipini.
Sitaki kuvaa kidoleni
kitu kilichotafutwa chini ya ulimi wa babu."

Nilidhani yamekwisha.
Bi Mwanamkuu akapandisha mkono wa nguo,
akatuonyesha kiwiko hadi kiganja, patupu.
"Hapa palikuwa na bangili nne.
Babake Lali alipotuacha, moja ilikula karo,
moja ikapanda juu kuwa paa,
mbili tulizitafuna, na huyo Lali akiomba nyongeza.
Dhahabu ilinisitiri kuliko mume.
Hilo lako, siku ya dhiki, nani atalinunua,
na kiwanda kesho kitatoa gunia?"

Khultum akatazama chaki yake.
Nami nikatazama koleo, kwa kuwa bei naijua.
Pete ile ikirudi kwangu, ningelipa dhahabu inayolishika jiwe;
jiwe lenyewe ningelipokea kama salamu.
Na lile la mgodini, tuseme kweli,
ningetoa nusu, tena kwa kununa.

Mezani kwangu zimo pete za fedha
zenye vigae vya sahani za Uchina
ambavyo watoto huokota ufuoni Shela.
Vilifinyangwa na mtu, vikachomwa na mtu,
mtu akaviponyoka jikoni, akalia.
Mgeni huniuliza, "Cha kweli?"
nami najibu ndiyo bila kupepesa.
Juma lililopita nilimshika mtoto wa Mbwarahaji
akisugua mchangani kipande cha sahani mpya,
akikizeesha.
Huo niliuita uongo.
Nikampa shilingi ishirini, kwa jasho.

Wakaondoka, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Baada ya alasiri Khultum akarudi peke yake.
"Jiwe libaki lilivyo.
Ila nipimie bangili mbili.
Nzito. Zisizo na nakshi.
Na mama asijue kwamba nimemsikia."

Nikaandika oda,
kwa ile kalamu nyingine, ya wino.